Sponji ya Tangi la Kioo

Mama Deki alisafisha wodi za hospitali miaka thelathini, na jina hilo alipewa na manesi waliochoka kufukuzwa sakafuni kabla haijakauka. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Lakini mke wa mwanawe, fundi cherehani, alimwacha mdomo wazi.

Hebu fikiria: mtu anataka kufuga samaki wa baharini sebuleni, na mfukoni hana kitu! Fundi alinunua tangi la kioo linalovuja, kwa bei ya kutupa. Akakwangua gundi ya zamani kwa wembe, akapaka mpya, akalijaza maji na kulitandikia magazeti siku nzima aone kama litatoa hata tone. Halikutoa. Meza aliiunga kwa mbao za makreti, akiipima kwa futi yake ya kushonea mpaka ikatulia tuli. Chumvi maalumu ya tangi aliikoroga kwenye ndoo, akapima, akaongeza chembe, akapima tena. Mikono ile, jamani! Mama Deki alimtazama mpaka chai yake ikapoa.

"Sasa samaki wako wapi?" mwanawe aliuliza.

"Bado," mkewe akajibu. "Maji lazima yakomae kwanza. Wiki sita."

"Wiki sita! Kumbe tunafuga maji?"

Fundi alicheka, akatupia chakula kidogo cha samaki ndani ya tangi lisilo na samaki, kioze na kuyakomaza maji, kama alivyofanya kila siku. Kila Jumamosi alichota maji kwenye kichupa akadondoshea dawa ya kupimia sumu. Yakigeuka kijani, bado yana sumu. Yakiwa manjano, samaki waje. Wiki ya tano yakawa manjano. Alirukaruka sebuleni, akampigia muuza samaki amwekee wawili wadogo, wale wa bei nafuu.

Jumatatu, fundi alipotoka kupeleka sare za shule, Mama Deki akaona amsaidie mkwewe kidogo. Akachomoa sponji ya chujio la maji nyuma ya tangi. Lo! Utelezi wa kahawia, kinyaa kitupu. Akaisugua kwa sabuni na maji ya moto, akaianika juani, akairudisha ikiwa safi kama mpya.

Jumamosi kichupa kikawa kijani kibichi.

Fundi alimpigia muuza samaki, simu ikiwa kwenye spika. "Utelezi wa kwenye sponji ndio unaokula sumu, dada," sauti ilisema. "Utelezi huo ukifa, wewe unaanza upya. Kuna mahali umekosea."

Mama Deki akaikumbuka sabuni yake. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha.

"Sina mkono wa mambo haya, Mama," fundi alisema polepole, akifunika tangi kwa kitambaa. "Nilijidanganya. Kesho nitalitafutia tangi hili mtu anayeweza."

Afadhali angepiga kelele. Mama Deki alikumbuka magazeti makavu chini ya tangi, akaona aibu iliyomfika mpaka kwenye mifupa.

"Mimi ndiye niliyeifua hiyo sponji."

"Umeifua? Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni. Na maji ya moto." Akameza mate. "Na nikaianika juani."

Akasubiri kuambiwa maneno. Alijua anastahili, na angeyapokea yote. Fundi alikaa chini sakafuni, mkono mdomoni.

"Kwa hiyo mimi sikukosea?"

"Hukukosea hata chembe, mwanangu. Kila ulichofanya nilikiona kwa macho haya. Nimefanya kazi na watu wengi, sijaona mikono kama yako. Niliona haya kukwambia."

Fundi alilia, kisha akacheka huku bado analia, kisha akainuka na kuvuta kile kitambaa.

"Nitanunua sponji nyingine. Na Mama, ukiigusa tutagombana."

"Nikiigusa, unifukuze," Mama Deki alisema. Akakunja mikono ya gauni, na pamoja wakaanza kuyatoa maji ya sabuni.