Mbio Ndefu za Jumapili

Sitaki mtu aseme nina roho mbaya, kwa hiyo naanza na mama mkwe. Hana ubaya hata chembe, na ndiyo shida yenyewe. Angekuwa mkali ningepata pa kushika. Lakini tangu apooze upande mmoja, kazi yake ni kuniombea dua na kugonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Akigonga mara moja anataka maji, akigonga mfululizo anataka kugeuzwa. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu iko sebuleni, ukuta mmoja na kitanda chake. Kazini ni hapo, nyumbani ni hapo, na hata nikiwa bafuni kijiko nakisikia.

Mbio nilianza kwa ajili ya mgongo. Daktari alisema nikiendelea kuinama kwenye cherehani nitapinda nisinyooke tena. Basi mume wangu akakubali niwe natoka jioni, yeye akisharudi kutoka kazini, niende kukimbia na kikundi cha uwanja wa shule, nyuma ya nyumba yetu. Mwanzo nilikuwa mkia. Nilihema mpaka wenzangu wakanipigia makofi ya huruma, na sijui kama kuna kitu kinaudhi kuliko makofi ya huruma. Nikajikaza kisabuni. Miezi ikapita, miguu ikafunguka.

Kocha wetu ni mwalimu mstaafu wa michezo, mtu wa maneno ya kuhesabika. Aliniita Cherehani, si kwa sababu ya kazi yangu tu, bali kwa hatua zangu fupi za harakaharaka. Siku ya kupimana kilomita tano niliwaacha wote, wakiwemo vijana wawili waliokuja na viatu vya bei mbaya. Kocha akaitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

"Cherehani, hii ndiyo mbio yako," akaniambia. "Naona unawasikiliza hawa wa marathoni. Achana nao. Miguu yako ni ya kasi, ukiipeleka mbali utaiua. Nipe msimu mmoja tu."

Nilifurahi mpaka machozi. Sijawahi kusifiwa hivyo, hata siku ya harusi sifa zilikwenda kwa gauni. Nikarudi nyumbani naelea. Mume wangu, fundi umeme, mtu mpole, akafungua mlango huku amebeba birika.

"Umerudi tayari? Chai hata haijachemka," akasema. "Mke wangu umekuwa moto. Hebu mgeuze Mama, mimi nikae kidogo."

Nikasimama pale mlangoni na jasho langu, nikaelewa kitu ambacho kikundi kizima hakuna aliyekuwa anakielewa. Wenzangu wakiongeza kasi wanapata medali. Mimi nikiongeza kasi nawahi kurudi. Kocha alikuwa ananifundisha, kwa moyo wake wote, namna ya kufupisha muda pekee niliokuwa nao.

Mtaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba nimechoka. Nilisema, mara moja. Mume wangu hakugomba. Aliniuliza taratibu, "Umemchoka mama yangu?" Jibu swali hilo wewe, kama una ubavu.

Basi wakati wa kila mmoja kikundini kuchagua mbio zake ulipofika, nikatangaza wakati wa chakula nyumbani kwamba nitakimbia marathoni. Wifi yangu alikuwepo. Ana saluni yake, na mdomo wake hauna breki.

"Wewe?" akacheka. "Si kocha wako kasema wewe ni wa mbio fupi?"

"Nataka marathoni, wifi."

"Na mazoezi yake je?"

"Jumapili ni asubuhi nzima. Wanakwenda mpaka nje ya mji na kurudi. Wa mbio fupi ni nusu saa tu jioni, lakini marathoni haina njia ya mkato."

Mume wangu, ambaye Jumapili asubuhi huwa na kazi za watu, akamtazama dada yake. Wifi akashusha pumzi.

"Haya. Marathoni ni jambo kubwa, siwezi kukuzibia njia. Nitakuja kukaa na Mama kila Jumapili mpaka umalize. Ila ukishamaliza, wifi yangu, tusijuane tena kwenye hilo. Jumapili ndiyo siku wateja wangu wanajaa."

Kocha hakunisemesha wiki nzima. Aliposema, alisema, "Unajiharibu," akaenda zake kuwapanga wengine.

Na kweli nilijiharibu. Kasi ilinitoka kidogokidogo, nikaanza kupitwa na watu niliokuwa nawaacha. Iliniuma, jamani, nisidanganye. Lakini Jumapili! Nilipita viwanda vilivyofungwa, nikapita maghala, nikafika barabara ya vumbi ambako hakuna anayenijua. Hakuna anayeniita mke wala mkwe, wala anayeniuliza, "Fundi, nguo yangu iko wapi?" Kuna siku nilikaa juu ya kalavati muda mrefu, natazama majani tu, kisha nikarudi nikikimbia mwishoni ili nifike na jasho.

Siku ya marathoni yenyewe nilikimbia vizuri. Hapo ndipo penye matatizo, kwamba nilikimbia vizuri. Wengine walikuwa wanatembea, wanatapika, mimi miguu inakwenda. Nilipofika pale barabara inapokata kona kuelekea uwanjani, nikasikia kipaza sauti kikitaja majina ya wanaomaliza, na watu wakishangilia. Nilitaka kumaliza. Nilitaka jina langu litajwe na watu wageni. Nikaiona Jumapili inayofuata, wifi yuko saluni, mimi niko sebuleni. Na ile baada yake. Na zote.

Nikakaa chini ukingoni mwa barabara, nikashika mguu.

Kocha alikuwa kwenye kona hiyohiyo akigawa maji. Akaja mbio, akapiga magoti, akabonyeza kigimbi changu. Msuli uliokaza huwa mgumu kama jiwe. Wangu ulikuwa laini. Akabonyeza tena, akaninyanyulia macho. Mume wangu, aliyekuja kunishangilia, alikuwa ameshavuka kamba ya watazamaji, anahema kuliko mimi.

"Vipi, Kocha? Si pale tu pamebaki?"

Kocha hakuniondolea macho. "Umekaza," akasema. "Hawezi."

Mume wangu akachuchumaa, akanifuta uso kwa shati lake. Machozi yalikuwa yananitoka, na yeye alidhani ni maumivu. Akampigia dada yake simu, akaiweka sauti ya nje.

"Hajamaliza," akamwambia. "Mguu umemgomea mlangoni kabisa."

Nikabana pumzi, sijawahi kuibana hivyo hata kwenye mlima.

"Jamani, wifi wa watu," sauti yake ikatoka. "Sasa mpaka mwakani? Haya, nifanyeje. Nilisema mpaka amalize. Mwambie akipona nitakuja, Jumapili kama kawaida."

"Umesikia?" mume wangu akaniambia. "Usikate tamaa. Iko siku utamaliza."

Akaenda kunitafutia gari. Kocha akamsubiri afike mbali.

"Ukikaa mwaka mwingine kwenye hizi mbio ndefu, ile kasi hairudi tena," akasema. "Unalijua hilo?"

"Nalijua, Kocha."

Nikamnyooshea mguu uleule, usio na maumivu yoyote, aukande, maana mume wangu alikuwa amegeuka anatutazama.