Sweta ya Vinundu

Mwaka 1964, Mildred wa Busia alimfumia mwanawe wa kwanza sweta ya kroshia, kifua kizima vinundu vitupu. Mama mkwe wake, Abbo, alikuja kutoka Tororo kumwona mjukuu, akaigeuzageuza sweta ile.

"Mwanangu, hii ni sweta au tetekuwanga?"

Mildred alimeza hasira, akamvika mtoto. Mtoto aliyelia tangu asubuhi akanyonya kinundu, akanyamaza.

Jumapili kanisani, akina mama waliisifu sweta.

"Nilimfundisha mimi," Abbo alisema bila haya.

"Kweli, Mama," Mildred akaitikia kwa adabu zake zote, kisha akawageukia akina mama. "Na Jumatano atawafundisha nyinyi nyote!"

Wakapiga vigelegele. Jumanne alfajiri, Abbo alikumbuka kwamba mihogo yake Tororo inahitaji palizi ya haraka.