Foleni ya Mawe

Kahaso aliyazoa yale mawe kwa furaha ambayo hakuwa nayo hata siku ya harusi yake, na harusi yake ilikuwa na wali. Mawe ishirini na mawili, yamejipanga mstari mmoja toka kwenye bomba bovu kando ya soko la Vitengeni hadi katikati ya uwanja. Afiya, binti wa Malindi aliyekuja kusanifu bustani ya kupumzikia pale uwanjani, aliyaona akadhani ni kifusi. Akamwomba Kahaso, ambaye mradi ulikuwa umemwajiri kutunza miche, ayaondoe. Kahaso hakumsahihisha. Alishika wilibaro akaenda mbio.

"Mama, pumzika basi," Afiya alimwambia. "Hayaendi popote."

"Ndiyo maana nayapeleka," Kahaso akajibu.

Yalikuwa yafukiwe chini ya msingi wa kiti cha zege. Yangefukiwa kabla ya adhuhuri, lau Janet asingepita na karai lake la nyanya kichwani. Alisimama, akatazama ardhi tupu, akauliza kwa sauti ya kusikika soko zima:

"Nani ameifuta foleni yetu?"

Ikabidi Afiya aelezwe. Zamani, kabla mabomba mapya hayajapita ng'ambo ya barabara, lile bomba bovu ndilo lililonywesha kijiji kizima, na wakati wa kiangazi lilitoa maji saa mbili tu kwa siku. Hakuna aliyeweza kukaa foleni kutwa na shamba linamngoja. Basi kila mwanamke alileta jiwe kutoka kwake, akaliacha limshikie zamu. Jerikeni ingeibwa; jiwe, nani aibe jiwe? Na kila mmoja alilijua lake kama anavyomjua mbuzi wake. Siku bomba lilipokauka kabisa, wanawake walikwenda zao, mawe yakabaki. Miaka kumi na minane yamesimama yakingoja maji. Hata hospitalini yangekuwa yameshaitwa.

Afiya aliona haya, lakini alikuwa mwepesi wa kufikiri. Akasema mawe yatarudi, tena safari hii yatajengewa kwa saruji kandokando ya njia, yabaki hapo milele, watoto wajue mama zao walivyoishi.

Ile "milele" ilimfanya Kahaso aitue wilibaro chini.

Kesho yake asubuhi wanawake kama tisa walikuja kutazama. Wakamkuta Afiya ameyapanga kwa ukubwa, madogo mbele, makubwa nyuma, yamenyooka kama meno ya msumeno. Wakacheka hadi Janet akakaa chini.

"Kwa ukubwa, mwanangu? Kwa mpango huu mimi na mwili wangu ningekunywa Krismasi."

"Nisameheni, mama zangu," Afiya akasema. "Basi pangeni nyinyi. Kama yalivyokuwa siku ile ya mwisho."

Wakapanga. Walibishana, wakasukumana, wakataja na marehemu wakawawekea mawe yao. La Kahaso, jekundu kama ini, likaangukia la tano. Naye amepiga magoti na mwiko mkononi, karai la saruji pembeni, akiomba Mungu kimyakimya wasifike mwisho.

Wakafika.

"Na mkiani?" Afiya akauliza.

"Mkiani ni Dorcas," wakasema kwa pamoja. Mmoja akaongeza, "Mwizi wetu wa zamu," nao wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka jambo lililokwisha.

Dorcas alikuwapo. Alicheka pia, midomo tu. Akalibeba jiwe lake jeupe lenye ufa, akalipeleka mwisho mwenyewe, kama mtu anayekwenda kitandani kwake.

Kisa hicho kila mtu alikijua, ila alikijua kombo. Katikati ya ukame ule, kijiji kizima kilikwenda kumzika mzee Mwambire. Dorcas hakwenda, alikuwa anamuuguza mama mkwe wake. Watu waliporudi, wakakuta mawe yamevurugwa. Aliyebaki nyumbani ni nani? Dorcas. Akahukumiwa: jiwe lake likae mwisho mpaka mvua inyeshe. Mvua ilichukua miezi mitatu, na bomba likakauka kabisa kabla haijanyesha. Siku nyingi maji yaliisha kabla hayajafika mkiani, naye akatembea hadi lambo la mifugo kutafuta maji.

Wakati wanaume wanafukia kaburi, Kahaso alikuwa amechomoka. Alilivusha jiwe lake kutoka la kumi na moja hadi la tatu, akayavuruga mengine kidogo ili lake lisionekane peke yake, na akawahi kurudi kulia.

Sasa saruji ilikuwa tayari. Afiya akamwashiria aanzie mkiani. Kahaso hakuinuka.

"Siyo yeye," akasema.

"Siyo nani?" Janet akauliza.

"Aliyevuruga mawe siku ya maziko. Ni mimi."

Soko liliendelea na kelele zake.

"Kahaso, wewe si ulilia kuliko mjane," Janet akasema polepole.

"Nilichelewa kuanza."

Dorcas alikuja akasimama mbele yake.

"Ulichota jerikeni ngapi?"

"Mbili."

"Ukafanyia nini?"

"Ya kwanza nilipika uji. Watoto hawakuwa wamekula tangu juzi yake."

"Na ya pili?"

Hapo angeweza kudanganya, na uzoefu alikuwa nao.

"Nilioga," akasema.

Dorcas alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Uji ningekuachia," akasema. "Lakini kuoga, Kahaso. Mimi nanuka hadi mbuzi wananikwepa, na wewe Jumapili umekaa kiti cha mbele unang'aa."

Akageuka, akalinyanyua jiwe lake jeupe, akapanda nalo foleni nzima, akaliweka la tatu. Akayasogeza ya jirani kwa mguu. Hakuna aliyembishia. Kahaso naye akalichukua lake jekundu, akashuka nalo hadi mwisho, akaanza kulijengea. Kivuli cha paa la soko kilikuwa kimeishia mawe manne kabla ya lake. Jasho likamwingia machoni.

"Hapa mwisho jua linachoma," alisema, kama anazungumza na saruji.

"Nalijua," Dorcas akajibu.

Afiya alikuwa na mchoro mkononi na hajui autie wapi.

"Pale naweza kuongeza mti," akasema. "Nafasi ipo."

Wanawake wote wakamtazama Dorcas, kana kwamba uwanja umekuwa wake. Akafikiri.

"Panda," akasema. "Lakini uwe wa kukua polepole."

Afiya akapitisha macho kwenye miche iliyopangwa pembeni, asijue achague upi. Kahaso akamjibia, bado kapiga magoti, saruji hadi viwikoni.

"Mkwaju. Huo una miaka yake."

"Basi huo," Dorcas akasema. "Na maji yake utachota wewe."