Mkasi Uliofungwa Kamba

Barua kutoka Tarpot Creek ilimkuta Glenys Trewin keshachoka, na ilikuwa ndiyo kwanza Jumatatu saa tatu asubuhi. Zilibaki wiki tatu astaafu. Desmond mumewe alishanunua karavani, akaipaka rangi, akaiegesha uani huku imeelekezwa barabarani kabisa, na kila jioni alimwuliza mkewe kama wiki tatu bado ni wiki tatu. Keki ya kumuaga ilishaagizwa. Mtu wa namna hiyo hupewa kazi za kumalizia tu, na Darko Petrić, mkuu wa ubora, alimkabidhi barua hiyo kama unavyompa mwenzako mfuko wa taka autupe akitoka.

Kiwanda chao kiko Dandenong, upande wa reli, nacho hutengeneza vile vibandiko vya jeli ambavyo nesi humbandika mgonjwa kifuani, mikononi na miguuni ili mashine isome mwendo wa moyo. Wenyewe huviita vitone. Mgonjwa mmoja hubandikwa kumi, na kumi ndivyo vilivyomo katika kila kifuko cha foili. Kazi yote ya kile kifuko ni kuzuia jeli isikauke. Jeli ikikauka mashine haisomi moyo tena, inachora upuuzi mtupu, mistari inayotetemeka kama mwandiko wa mlevi.

Kifuko kilikuwa cha Glenys. Miaka kumi na miwili nyuma shehena nzima ilirudishwa imekauka, na baada ya kulala na kuamka na lile tatizo kwa miezi, aligundua kwamba ufa ulikuwa ukianzia kwenye mkato mdogo wa pembeni, ule wa kuchania. Akauondoa mkato, akapanua mshono, akachapisha mshale na maneno "Chana hapa". Tangu siku hiyo hakijavuja hata kimoja. Kampuni ikamtengenezea kibao cha mbao chenye jina lake na kukitundika karibu na mlango wa choo, na yeye, pamoja na kutopenda makuu, kila akienda chooni alikitupia jicho.

Sasa habari ya Tarpot Creek ilikuwa hivi. Huko ni kaskazini kabisa mwa Queensland, zahanati moja, nesi mmoja, jina lake Leonie Baird. Mwezi wa pili alifika mzee Alby, mchunga ng'ombe mstaafu, amejishika kifua. Leonie akambandika vitone, mashine ikachora upuuzi. Akabadilisha waya, akaizima mashine, akaiwasha, upuuzi ule ule. Hatimaye akafungua kifuko kipya, na ndipo mchoro wa maana ukatoka, lakini wakati huo ndege ya wagonjwa ilishaelekezwa kwa mtu mwingine na ikabidi Alby angoje. Alby yu hai. Ila zile ngazi tatu za veranda yake siku hizi humshinda.

Wakubwa wa afya wa wilaya walimwita Leonie kwenye kikao cha Ijumaa, na kabla ya kikao walitaka kiwanda kijibu swali moja: vitone vilikuwa vibovu, au nesi alivitumia vibaya? Ikiwa ni la pili, leseni yake ya uuguzi ilikuwa mashakani. Pamoja na barua walileta vile vitone vilivyokauka, vifuko sita ambavyo havijafunguliwa, na maelezo ya Leonie aliyoyaandika kwa mkono.

Maabara ilichukua siku moja tu. Jeli ya vifuko vilivyofungwa ilikuwa mbichi, haina kasoro. Na Leonie mwenyewe alikiri kwamba kila Jumatatu hufungua kifuko kimoja, akavipachika vitone kwenye waya zake, akavitundika ukutani vikae tayari. Mzee Alby alifika siku ya Alhamisi. Kwa joto la kule, vitone vilivyokaa wazi siku tatu vinakuwa vikavu kama maganda. Na juu ya kila kifuko yapo maandishi mekundu: usifungue mpaka wakati wa kutumia. Maneno hayo aliyaandika Glenys.

"Kosa la mtumiaji," Darko alisema Jumatano asubuhi, akimsogezea fomu. "Tia sahihi tutupe jongoo na mti wake."

Glenys alichukua kalamu. Hakuwa na sababu ya kukataa, na kusema kweli hakuwa na nguvu za kuitafuta. Miguu ilimuuma, jicho la kushoto lilikuwa likimchezacheza tangu Pasaka, na malalamiko ya aina hii alishayafunga mengi bila kukosa usingizi. Aliyasoma maelezo ya Leonie mara ya mwisho, kwa heshima tu, kwa kuwa mtu aliyeandika kurasa tatu kwa mkono anastahili kusomwa. Mwishoni palikuwa na sentensi ambayo mara ya kwanza aliipita: nafungua mapema kwa sababu mgonjwa akishafika sina muda wa kuhangaika.

Kuhangaika na nini, alijiuliza. Kifuko unakichana tu.

Aliiacha fomu mezani, akachukua kifuko kimoja cha Tarpot Creek, akashuka kwenye mitambo akaangalie mshono wake chini ya taa ya Sophal. Sophal ndiye mwendeshaji wa mashine ya kufungia vifuko, mama wa Kikambodia ambaye wamekuwa wakinywa chai ya saa nne pamoja kwa miaka kumi na tisa, na ambaye bado hakubali kwamba Glenys anaondoka. Mlangoni Glenys akanawa mikono, maana bila kunawa haingii mtu, akaifuta harakaharaka na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya Sophal.

Kila meza ya kiwanda kile ina mkasi uliofungwa kwa kamba. Ni sheria ya wakaguzi: chombo cha kukatia kisipofungwa kinaweza kudondokea ndani ya bidhaa, na siku kikidondoka unasimamisha kiwanda kukitafuta. Mikasi kumi na mmoja, kamba kumi na moja. Lakini siku ile kamba zilikuwa zinaning'inia tupu, kwa kuwa fundi wa kunoa huja Jumatano moja kila mwezi na alikuwa ameichukua yote.

"Ngoja irudi, dada," Sophal alisema. "Robo saa tu."

Glenys akasema hana haja ya mkasi, akashika kifuko penye mshale na kuvuta. Vidole vikateleza. Akavuta tena. Foili ikajikunja, mshale ukakunjamana, mshono haukusogea. Alivuta mara nne, na ya nne akasikia uchungu kwenye kifundo cha dole gumba.

"Umezeeka," Sophal alisema. "Lete hapa."

Sophal alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akakiweka kifuko mezani taratibu. Akasema na yeye amezeeka. Wakacheka wote wawili, halafu Glenys akaacha kucheka.

"Sophal, wewe hukifungua vipi?"

"Kwa mkasi."

"Siku zote?"

"Dada, mkasi uko hapa siku zote. Sote tunatumia mkasi." Alitazama kamba tupu, akamtazama Glenys. "Hata wewe."

Hata yeye. Siku ile ya majaribio miaka kumi na miwili iliyopita, alivifungua vifuko mia mbili kwa mkasi wa meza hii hii ya Sophal, ya tatu, akapima jeli ya kila kimoja, akaandika kwamba kifuko kimefaulu. Alipima kila kitu kinachoweza kutoka na kila kinachoweza kuingia. Kukichana kama mshale unavyosema, hakujaribu hata mara moja, na hakuna aliyejaribu. Kikulacho ki nguoni mwako, nao mkasi wao ulikuwa unaning'inia kwenye kamba mbele ya macho yao, unang'aa. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni, ile ya moto masikioni.

Saa ya chai aliwaita watu tisa. Akawavalisha glavu, akawalowanisha glavu kidogo, kwa kuwa nesi wa Tarpot Creek mwezi wa pili, wakati wa joto na jasho, hana mikono mikavu, akampa kila mmoja kifuko. Sophal alihesabu kwa saa ya ukutani. Dakika mbili zilipokwisha, watu saba walikuwa bado wanavuta. Tevita wa stoo, Mtonga anayebeba mapipa peke yake, alikuwa amekipasua chake katikati na vitone vyote vimetawanyika sakafuni. Wa tisa alikifungua kwa meno, kisha akaomba asiandikwe jina.

Glenys alipomweleza, Darko hakupandisha sauti. Darko si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka kama yeye, na hana karavani. Alikichukua kifuko, akavuta mara mbili, akakirudisha.

"Lakini yule nesi alivifungua mapema," alisema. "Hilo halibadiliki."

"Halibadiliki. Nalo nitaliandika. Na sababu yake nitaiandika."

Darko akamwuliza, je, anajua maana yake? Wote wenye vifuko vilivyoshauzwa watatumiwa barua ya tahadhari, mshono uanze upya, na majaribio ya kukauka peke yake ni miezi. "Na nani atakitengeneza? Mimi? Mimi hata kifungo cha shati nashonewa." Akamwangalia kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Glenys zaidi. "Wiki tatu, Glenys. Tia sahihi uende zako. Atakayekuja atakigundua mwenyewe."

"Atakuta mkasi mezani, Darko. Hatagundua kitu."

Alikaa akaiandika taarifa kwa mkono, kama Leonie alivyoandika ya kwake. Aliandika kwamba jeli ilikauka kwa sababu kifuko kilifunguliwa siku tatu mapema. Aliandika kwamba kifuko hicho hakichaniki kwa mikono yenye unyevu, kwamba kati ya watu tisa wa kiwandani saba walishindwa kabisa, na kwamba nesi anayefanya kazi peke yake hakuwa na njia nyingine ya kuwa tayari. Mwisho akaandika: kifuko nilikibuni mimi, na sikuwahi kukijaribu kwa mikono. Akatia sahihi. Kisha akamwomba Darko amtafutie fomu ya kuahirisha kustaafu, na Darko akaitafuta.

Alhamisi saa nane mchana, taarifa ikiwa imeshafika wilayani, alipiga simu Tarpot Creek. Alijitambulisha. Leonie alikuwa na sauti ndogo ya mtu anayesubiri kugombezwa. Glenys akamsomea yote aliyoyaandika, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi. Alipomaliza akasikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.

"Watu saba?" Leonie aliuliza.

"Saba. Pamoja na mimi, na anayevifunga mwenyewe, tulioshindwa ni tisa."

"Nina miaka sitini na moja," Leonie alisema. "Nilidhani ni mikono yangu. Miaka minne nadhani ni mikono yangu. Niliona haya kumwambia mtu, wangesema nimezeeka nipumzike. Ndiyo maana nikawa nafungua Jumatatu, wakati hakuna anayeniangalia."

Glenys alimwuliza habari za mzee Alby. Leonie akasema yupo, anakaa chini, mbele ya veranda, siku hizi, watu wamemshushia kiti chake. Kisha akamshukuru, na shukrani hiyo Glenys aliibeba siku nzima kama mzigo.

Jioni ile Desmond hakuwa na haja tena ya kuuliza swali lake la kila siku. Alishaambiwa kwa simu, akasema sawa, halafu akasema ataifunika karavani kwa turubai isipauke. Glenys alikuwa amebakiwa na nusu saa ya kazi. Alishuka kwenye mitambo, akamwomba Sophal asogeze mkono, akaikata kamba ya meza ya tatu kwa mkasi wake wenyewe, akauweka mkasi kwenye droo na kuifunga. Sophal akamwuliza kama wanaanza majaribio leo.

Glenys alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono, hakuifuta, akarudi na kuchukua kifuko.