Usaili Ghorofa ya Tatu

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa cherehani alifika mbele ya ofisi ya mradi wa ajira kwa wote, akafunga breki ya kiti chake cha magurudumu na kumkabidhi mlinzi barua ya kuitwa kwenye usaili. Mlinzi hakuisoma. Alikuwa ameshaisoma Alhamisi nne zilizopita.

"Ghorofa ya tatu tena, dada."

"Na lifti?"

"Bado inakuja."

Tangazo la lifti lilikuwa limebandikwa ukutani tangu jengo lifunguliwe, na jua lilikuwa limelibabua mpaka herufi zikafanana na rangi ya ukuta.

"Waambie washuke wao," alisema mama yake, aliyekuwa amemsukuma kutoka kituo cha basi na sasa anajifuta jasho kwa kiganja. "Miguu wanayo. Nimewaona nayo."

Mlinzi alikuwa ameshawaambia wajumbe wa jopo la usaili, mara nne. Jibu lilikuwa lilelile: daftari la mahudhurio halitoki chumbani. La kwanza liliibwa, kwa hiyo hili walilifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, na ufunguo wa kufuli ukapotea wiki hiyohiyo. Asiyetia sahihi hajahudhuria. Kwa utaratibu huo fundi alikuwa amekaa hapo chini Alhamisi nne, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na mara zote nne katibu aliandika mbele ya namba yake: Hakuhudhuria. Ikifika mara ya tano, namba hufutwa.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya mwalimu wa ufundi wa cherehani kwenye karakana ya eneo jipya la viwanda. Karakana iko chini, haina hata kizingiti, na kazi ni ya kukaa. Eneo hilo lilijengwa pale palipokuwa na kibanda chake, ambapo kwa miaka kumi na minane alitengeneza mashine za washonaji wa nusu ya mji. Kwa mlio tu alijua sindano imepinda upande gani. Kibanda kilipovunjwa kupisha maendeleo, walioondolewa waliahidiwa kufikiriwa kwanza. Ahadi ilitolewa kwa kipaza sauti, hakuna ambaye hakuisikia.

Saa tatu na dakika kumi, mwenyekiti wa jopo alipoita namba arobaini na moja, jengo lilishuka.

Halikuanguka. Lilishuka taratibu, kama mtu mzima anayeinama kumsikiliza mtoto. Mwenye duka la fotokopi, chini kabisa, aliona udongo ukipanda dirishani, akawasha taa, akamuuliza mteja kama anataka kurasa za mbele na nyuma. Makarani wa ghorofa ya kwanza walishika vikombe vyao vya chai. Lilipotulia, mlango wa dharura wa ghorofa ya tatu, ambao kwa miaka mingi ulifunguka hewani kwa sababu ngazi zake za chuma ziling'olewa na wauza vyuma, ulikuwa umelingana na lami.

"Haya, twende," mama alisema. "Wakianza kunywa chai hatuwapati hawa."

Waliingia. Fundi akasogea mpaka kwenye meza.

"Namba arobaini na moja nipo. Naomba kalamu."

Mwenyekiti alichungulia dirishani. Muuza magazeti alikuwa amesimama nje, uso kwa uso naye, akamwamkia. Mwenyekiti akaitikia, kisha akaisoma barua kwa makini, kwa sababu alikuwa mtu makini.

"Barua inasema ghorofa ya tatu. Hapa sasa ni chini."

"Ni chini kabisa," katibu aliafiki.

"Ghorofa ya tatu kwa hesabu ya sasa ni ile iliyokuwa ya sita. Tutakutana huko."

"Baba, unasikia unachosema?" mama aliuliza.

"Utaratibu ni utaratibu, mama yangu. Nikimwonea huruma mmoja, wengine watasema nini?"

Wanaume wanne waliitwa kubeba meza, maana daftari lilikuwa na mnyororo wake. Walipanda ngazi wakisimama kila kona kuhema. Walipoiweka tu, jengo likashuka tena, na mlango wa dharura wa ghorofa ya sita ukatua mbele ya kiti cha magurudumu.

"Mmetangulia kufika, hongereni," fundi alisema. "Kalamu?"

Kwa hesabu ya sasa, juu ya hapo kulikuwa na paa tu. Jopo likapanda paani. Meza ilikwama kwenye kitundu cha kutokea, ikapitishwa kwa ubavu. Jengo lilishuka kile kipande kilichobaki, na paa likawa sawa na barabara. Pikipiki moja ikalikatiza ili kukwepa foleni.

Kulikuwa na upepo. Mwenyekiti alifungua vishikizo vya koti. Alikuwa amelowa jasho, lakini tai yake ilikuwa imenyooka.

"Sasa mtapanda wapi?" mama aliuliza. "Mawinguni?"

"Mama yangu, mimi binafsi sina ugomvi na binti yako. Lakini ghorofa ya tatu haipo tena. Siwezi kumsaili mtu mahali pasipokuwepo."

"Mimi nipo," fundi alisema. "Huoni kwamba nipo?"

"Nakuona vizuri sana," mwenyekiti alisema, na alikuwa anasema kweli.

Katibu alifungua daftari. Upepo ukapeperusha kurasa, akazirudisha, zikapeperuka tena. Fundi alisogeza kiti, akaweka vidole viwili juu ya ukurasa, kama anavyotuliza kitambaa chini ya sindano. Ukurasa ukatulia. Katibu akamshukuru, akaandika mbele ya namba arobaini na moja: Hakuhudhuria. Kisha akaikata namba kwa mstari.

"Na mimi niandike sikuwepo," mama alisema. "Nisije nikaulizwa kesho."

Ripoti ya mwezi huo ilisema kwamba kila mwombaji aliyehudhuria alipewa nafasi sawa.

Jengo halikupanda tena. Mwenye fotokopi anafanya kazi na taa mchana kutwa, na paani watu huegesha magari. Mradi ulihamia jengo la ng'ambo ya barabara, lenye ghorofa tano, ambalo lifti yake inakuja. Meza ilivushwa barabara pamoja na daftari na mnyororo.

Fundi alijiandikisha upya, akapewa namba mia mbili na sita. Barua ilimwita Alhamisi, saa tatu asubuhi, ghorofa ya tatu.

Siku hiyo mlinzi, ambaye naye alikuwa amehamishwa, aliwaona kutoka mbali. Fundi alikuwa ameshafungua breki, mama akisubiri magari yapite na kuwatukana madereva mmoja mmoja. Mlinzi alifungua geti lote, akaingiza kichwa penye ngazi.

"Jamani huko juu!" aliita. "Shikeni vikombe!"

Vikombe vilikuwa vimeshashikwa. Ghorofa ya tatu, wanaume wanne walikuwa wamesimama kwenye pembe nne za meza, mikono tayari.