Mizani Kwanza

Siku Ardis Haugen alipokwenda dukani kwa Corliss kununua vifaa vya kushindilia risasi zake mwenyewe, yaani kuyajaza maganda baruti kwa mkono wake, alimkuta kaka yake Merle ameshafika, amesimama kando ya jiko la kuni na kikombe cha kahawa, hana haraka, hana aibu. Mji wenyewe mdogo. Ukichemsha yai kwako, jirani anajua limeiva au bado.

Ardis alimpita bila salamu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na kwa muda wa wiki mbili zile hasira ilikuwa imemrudishia ujana.

Sababu ya hasira ilijulikana hadi kwa kinyozi. Miaka sita nyuma Ardis alipasuliwa bega, likatiwa skrubu, na tangu hapo Merle ndiye aliyemshindilia risasi zote. Alimletea zimepangwa ndani ya boksi, zinang'aa, na Ardis akashukuru. Hakuwahi kuuliza ndani mna nini. Nani anamuuliza ndugu yake chumvi ametia kiasi gani? Unakula tu. Kila vuli, siku ya shindano la klabu ya shabaha, Ardis alilala kifudifudi akalenga lile bamba la chuma lililo ng'ambo ya korongo, na kila vuli vumbi lilitimka chini ya bamba. Akajaribu kulenga juu kidogo. Likatimka chini vilevile. Mtu anayeligonga bamba, jina lake huchomwa kwa chuma cha moto kwenye ukuta wa banda la klabu. Jina la baba yao lipo pale. La Merle lipo. La Ardis halipo, na Merle alikuwa akimpigapiga mgongoni, anamwambia asijilaumu, bega ndivyo lilivyo. Masikini Ardis akajilaumu. Akaanza kuamini kwamba amekwisha.

Halafu majira ya joto akaja mgeni mmoja uwanjani na chombo cha kupima mwendo wa risasi, akawa anawapimia watu bure, kwa majivuno tu. Ardis akapiga mbili. Mgeni akakitazama chombo chake, akakitikisa, akaomba radhi kwamba kimeharibika. Hakikuharibika hata kidogo; risasi ndizo zilizokuwa zikienda polepole mno. Ardis akaichukua risasi moja mpaka kwa Corliss, wakaifungua, wakaimwaga baruti kwenye mizani. Corliss akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Baruti iliyokuwemo ilikuwa kiasi kile kidogo wanachowekewa watoto wa shule wanaofundishwa kushika bunduki.

Merle alipoulizwa hakukana. Alisema alimwonea huruma, na tena kama dada yake angeuliza, angemwambia. Huruma! Mtu anakuhurumia kwa siri miaka sita, na wewe unamlipa kwa pai za tufaha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wamesema, na maskini huyu alikuwa amepika pai nyingi mno.

Basi pale dukani Merle akaweka kikombe chini, akaanza kununua kwa mdomo. Akamwonyesha Corliss ile mashine kubwa ya kuzunguka, ambayo ukivuta mkono mara moja inatoa risasi iliyokamilika. Hiyo ndiyo itakayomfaa, akasema, kwa sababu bega halitachoka. Ardis akaizunguka ile mashine, akainama kuichungulia. Akasema inafanya mambo matano kwa mpigo mmoja, naye anataka kuyaona moja moja. Akaomba ile ndogo ya chuma kizito, ya ganda moja kwa wakati mmoja.

Merle akacheka. Hiyo ni ya enzi za babu, akasema, utamaliza boksi moja Krismasi.

"Nitamaliza," Ardis akamjibu. "Kwani nina safari?"

Lakini kabla hata Corliss hajaiteremsha, Ardis alishafika kwenye rafu ya mizani. Merle akamfuata hukohuko. Akamshauri achukue ya betri, ile ya bei ya chee, na hela iliyobaki aiongeze kwenye mashine ya maana. Ardis akaichukua ile ya mkono wa shaba, yenye vijiwe vyake vya kuihakiki, iliyokuwa ghali kuliko vyote alivyokusudia. Akaibeba mwenyewe mpaka kaunta.

"Mizani kwanza," akasema. "Mimi sikudanganywa kwenye mashine, Merle. Nilidanganywa kwenye uzani."

Corliss akajishughulisha na karatasi za kufungia.

Vilivyobaki havikuwa na ubishi. Kalibu za kunyooshea maganda ya bunduki yake, faneli, kibao cha matundu cha kusimamishia maganda, miwani ya kukinga macho, na kitabu cha vipimo. Corliss akamweleza kwamba kipimo huanzwa kile cha chini kitabuni, halafu hupandishwa kidogokidogo, na hakuna anayekivuka cha juu akabaki na uso wake. Ardis akasema ameelewa. Merle akanung'unika kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Akaomba walau awe anakuja kusimama pembeni. Ardis akamkumbusha baba yao, ambaye akikaa kupima baruti alifunga mlango kwa komeo, maana anayepima hasemeshwi. Akamwambia komeo lile bado lipo.

Alivifunga vifaa vyake kwenye chumba cha zamani cha maziwa, juu ya meza aliyoipigilia mwenyewe. Mwanzoni aliharibu maganda, akamwaga baruti, akazirudia risasi za boksi zima kwa sababu moja tu ilimtia shaka. Kisha akawa anazijaribu malishoni, kipimo kikipanda polepole kama kitabu kilivyosema. Mpaka kilipofika kile cha mtu mzima, bunduki ikampiga teke la haki. Bega lilivilia damu, likawa zambarau. Kila alipoligusa bafuni aliguna kwa maumivu, kisha akacheka peke yake.

Siku ya shindano Merle alimfuata kwenye pikapu na boksi la risasi mkononi. Akasema safari hii amezijaza kwelikweli, haki ya Mungu. Ardis akamwamini, na hakulipokea boksi.

Akalala chini. Akalenga juu kidogo ya bamba kama alivyozoea, akafyatua, na vumbi likatimka. Lakini lilitimka juu, kwenye genge, mbali kule nyuma ya bamba.

"Umepitiliza," Merle akasema, na sauti yake ikawa na furaha aliyoshindwa kuificha.

Ardis alikuwa ametabasamu shavu likiwa bado kwenye kitako cha bunduki. Miaka sita alijifunza kulenga juu kwa ajili ya risasi zilizokuwa zikichoka njiani. Hizi zake hazikuhitaji kubebwa. Akaishusha bunduki, akalenga bamba lenyewe, katikati, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Kwanza hakukusikika kitu. Kisha mlio wa chuma ukavuka korongo, ukawafikia wote.

Watu walipiga kelele, mmoja akakimbilia jiko kukitia chuma motoni. Merle akamjia Ardis, akamshika mkono amwinue. Akainama sikioni kwake.

"Umetia baruti kiasi gani?"

Ardis akajifuta vumbi. Akatoa mfukoni risasi iliyobaki, akaiweka kiganjani mwa kaka yake, akamfunga vidole juu yake.

"Fungua upime," akamwambia, akaenda kusimamia jina lake lichomwe sawasawa.