Elika ya Wodi ya Surua

Daktari Bartholomeo alitangaza kwamba wodi ya watoto wa surua itafungwa Jumamosi kwa kukosa wauguzi, kisha akaenda zake kunywa chai. Nesi Euphrasia alibaki na wodi iliyojaa pomoni. Watoto wale wakirudishwa vijijini katika hali ile, wengi wangezikwa.

Hata hivyo daktari hakusema uongo. Mwaka ule wa hamsini na mbili, hospitali ya mgodi wa dhahabu, upande wa Geita, ilikuwa na nesi mmoja tu. Daktari alikuja, akapima, akaandika dawa, akaondoka. Mtoa dawa alichanganya dawa zake, akafunga dirisha. Yaliyobaki yote yalikuwa ya nesi: sindano, uji, macho yaliyogandana, nguo zilizotapikiwa, maji ya kisimani, sakafu. Kutwa kucha "Nesi! Nesi!", utadhani hakubatizwa jina.

Nyamizi, aliyekuwa akimuuguza bintiye Limi humo wodini, alimwonea huruma.

"Mayu, mama yangu, shamba limekushinda," alisema. "Kwetu mtu akizidiwa na palizi anaita elika, tunakuja wote kumlimia. Mbona wewe huiti?"

"Hii ni hospitali, Mama Limi, si shamba la mihogo."

"Basi nitakuitia mimi."

Ijumaa asubuhi wanawake wa kijiji cha jirani waliingia getini wakiimba, majembe begani, maana Nyamizi alisahau kuwaambia kwamba safari hii hakuna kulima! Euphrasia alicheka hadi machozi. Majembe yakaegemezwa ukutani; hawa wakapewa kazi ya kuteka maji, hawa kufua, hawa kupika uji. Yeye akabaki na sindano na dawa za macho.

Daktari akatoka mbio. "Nani kaleta ngoma hospitalini?"

"Mwangaluka, Baba," Nyamizi alimsalimu kwa goti. "Shamba hili ni la nani?"

"Wodi? Ni yangu."

"Basi karibu. Kwenye elika mwenye shamba hakai kando." Akampakatisha mtoto na kumkabidhi bakuli la uji.

Daktari alishindwa kumkatalia mama aliyempigia goti. Akaketi, akalisha.

"Nesi! Ametapika!"

Euphrasia hakugeuka, alikuwa akichoma sindano. "Mfute, Daktari. Halafu umpe tena, kidogo kidogo."

Akamfuta, akampa tena. Mtoto akameza. Daktari alitazama koti lake lililolowa uji.

"Kesho hatufungi," alisema mwishowe. "Lakini hawa kina mama watarudi?"

"Kesho ni zamu ya kijiji cha pili," Nyamizi alimjibu. "Nawe usichelewe."